Ada ya Lincoln mbele ya Jaji Davis: namna ya kumsoma wakili wa mji mdogo anayeomba ujaji

Mwezi Juni 1857, katika mahakama ya Kaunti ya McLean, mjini Bloomington, jimbo la Illinois, wakili mmoja alisimama kudai ada yake. Mdaiwa alikuwa Kampuni ya Reli ya Illinois Central, na dai lenyewe lilikuwa dola 5,000, yaani mara tano ya mshahara wa mwaka mzima wa jaji aliyekuwa akilisikiliza. Wakili huyo alikuwa Abraham Lincoln. Jaji alikuwa David Davis, mtu ambaye Lincoln alikuwa akisafiri naye miezi kadhaa kila mwaka, akila naye meza moja na kulala naye katika nyumba zile zile za wageni.

Siku shauri lilipoitwa kwa mara ya kwanza, wakili wa kampuni hakuonekana, na Lincoln akapewa hukumu ya upande mmoja. Mwenzake alipofika akaomba hukumu hiyo iondolewe ili shauri lisikilizwe upya. Lincoln hakupinga, na jaji akaruhusu. Siku chache baadaye jopo la raia lilimpa Lincoln kiasi kile kile alichokidai, lakini kwa kuwa alikwisha kupokea dola 200 za awali, hukumu ikashuka hadi dola 4,800. Kampuni ilichelewa kulipa mpaka amri ya kukaza hukumu ilipotolewa, kisha ikalipa, na ajabu ni kwamba ikaendelea kumtumia wakili huyo huyo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba karibu kila kitu ambacho mpiga kura wa kaunti ndogo ya Marekani angepaswa kukifikiria pale wakili wa mjini kwake anapotangaza kwamba anagombea ujaji. Jaji alimfahamu mdai kupita kiasi. Hakujitoa katika shauri. Lakini ukichunguza yaliyofanyika mahakamani, huoni upendeleo: upande usiokuwepo ulirudishiwa haki yake ya kusikilizwa, na kiasi cha fedha kilipangwa na raia, si na jaji. Je, tumsifu Davis kwa kutenda haki au tumlaumu kwa kukalia kiti ambacho siku ile kilimpasa mtu mwingine? Mimi nadhani yote mawili ni sahihi, na kwamba wasifu wa mgombea ujaji una maana pale tu unapotusaidia kubashiri atafanya nini siku rafiki yake atakapoingia mlangoni na faili mkononi.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu cheo. Kwetu neno jaji linamleta mtu wa Mahakama Kuu, mwenye joho na msafara, na neno hakimu linamleta yule wa mahakama ya mwanzo au ya wilaya. Jaji wa kaunti wa Marekani yuko katikati. Ana mamlaka makubwa kuliko hakimu wetu, maana anaweza kusikiliza kesi ya mauaji asubuhi na mirathi ya shamba mchana, lakini anaishi kama hakimu wa tarafa: anakutana na wadaawa wake dukani, kanisani na kwenye mechi ya watoto shuleni. Na jambo linalomshangaza zaidi msomaji wa Dodoma au Nakuru ni kwamba anapigiwa kura. Majimbo zaidi ya 35 yana aina fulani ya uchaguzi kwa baadhi ya majaji wao, na Illinois ni miongoni mwake: jaji wa mahakama ya mzunguko, yaani mahakama inayohudumia kaunti moja au kundi la kaunti, anaingia kwa tiketi ya chama, kisha kila baada ya miaka 6 jina lake linawekwa peke yake kwenye karatasi ya kura, nalo huulizwa swali la ndiyo au hapana, na asipopata asilimia 60 ya ndiyo anaondoka.

Utaratibu huu haukuanzishwa na watu waliopenda kampeni. Chini ya katiba ya kwanza ya Illinois, ya 1818, majaji walichaguliwa na bunge la jimbo, na mwaka 1841 chama cha Democratic kilionyesha jambo hilo linaweza kufikishwa wapi. Wabunge wake waliwafuta majaji wa mizunguko, wakaongeza viti vitano katika Mahakama ya Juu ya jimbo, wakavijaza kwa watu wao, na kuwaamuru majaji wa mahakama hiyo waende wenyewe kuzunguka kaunti. Mmoja wa walionufaika alikuwa Stephen Douglas, kijana wa miaka 27. Kumbukumbu hiyo ilikuwa bado mbichi wajumbe walipokutana Springfield mwaka 1847 kuandika katiba mpya. Mississippi ilikwisha kuamua tangu 1832 kwamba majaji wake wote wachaguliwe na wananchi, na New York ilifuata 1846. Illinois ikachukua njia hiyo, wapiga kura wakaidhinisha katiba Machi 1848, na Septemba ya mwaka huo majaji wakasimama mbele ya wananchi kwa mara ya kwanza. Mmoja wa wajumbe walioketi kuiandika katiba hiyo aligombea kiti kilichozaliwa nayo, akashinda. Naye ni Davis.

Sasa tumtazame kama wapiga kura wa 1848 walivyomtazama. Hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Maryland mwaka 1815, baba yake, aliyekuwa tabibu, akiwa amekwisha kufariki kabla mtoto hajazaliwa. Alisoma Kenyon College huko Ohio na kuhitimu akiwa na miaka 17, akajifunza sheria katika ofisi ya wakili huko Lenox, Massachusetts, kisha akapitia kwa muda shule ya sheria ya New Haven. Alifika Illinois 1835, akaanzia Pekin, na mwaka uliofuata akahamia Bloomington na kuchukua ofisi ya Jesse Fell, wakili aliyekuwa ameona kwamba ardhi inalipa kuliko mahakama. Kazi yenyewe ilikuwa ile ya mawakili wote wa magharibi enzi zile: madeni, hati za ardhi, mirathi, ugomvi wa mifugo na mipaka. Alijaribu siasa mwaka 1840 akagombea useneti wa jimbo, akashindwa. 1844 akapata ubunge wa jimbo. Alipooa, alimwoa binti wa jaji wa huko Lenox.

Wasifu huo ukiuweka kwenye kipeperushi cha leo, sioni kama ungemshtua mtu. Vipeperushi vya wagombea ujaji wa kaunti hufanana kama sare: picha ya familia kwenye baraza ya nyumba, mara nyingi na mbwa; miaka ya uzoefu; kanisa; timu ya watoto aliyoifundisha; utumishi jeshini kama upo; na maneno ya kwamba amezaliwa hapa, amekulia hapa na analea watoto wake hapa. Kila kimoja cha hivyo ni kweli, na karibu vyote havina uhusiano na kazi anayoiomba. Kuzaliwa mahali hakumfundishi mtu kusoma ushahidi. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sehemu yenye maana katika maisha ya wakili wa mji mdogo, yaani orodha ya aliowatetea, aliowashtaki na anaowadai, ndiyo isiyoonekana kwenye kipeperushi hata siku moja.

Kwa sababu wakili wa mji mdogo si kama wa Chicago. Wa Chicago anaweza kufanya kazi ya bima maisha yake yote bila kukutana na mwathirika hata mmoja. Wa mji mdogo ameandika wosia wa nusu ya wazee wa kaunti, amesimamia talaka za watoto wao, ameiwakilisha benki ya mjini dhidi ya wakulima watatu, kisha akamtetea mtoto wa mkulima mmojawapo aliyekamatwa akiendesha gari amelewa. Anajua nani ana watoto wa nje na nani amejificha nyuma ya jina la mkewe kukwepa madeni. Siku anayovaa joho, hayo yote anaingia nayo. Hapa ndipo hoja ya “anatujua” inapogeuka: kujuana kunamsaidia jaji kuelewa kwamba mkulima hawezi kulipa kabla ya mavuno, na kujuana huko huko kunamfanya aamini, kabla shahidi hajafungua kinywa, kwamba ukoo fulani ni wa waongo.

Mfumo wetu wa mahakama za mwanzo Tanzania, kwa namna tuliyouzoea kwa miaka mingi, ulilitenganisha jambo hili kwa busara ambayo hatuisifii vya kutosha. Hakimu alikuwa mtu wa kupangiwa kituo, leo Kahama kesho Tunduru, mgeni asiye na shangazi katika kata. Waliomjua kila mtu walikuwa wazee wa mahakama walioketi pembeni yake, wakimpa maoni kuhusu mila, tabia na mazingira. Ugeni ulikuwa wa hakimu, uenyeji ukawa wa wazee. Uchaguzi wa majaji wa kaunti umeziweka sifa hizo mbili ndani ya mtu mmoja, kisha ukamtaka azitenganishe mwenyewe kila asubuhi. Sisemi mfumo wetu umetimiza ndoto hiyo. Hakimu mgeni naye hufanya urafiki haraka pale anapokuta mwenye duka la jumla na mwenye basi. Nasema tu kwamba ni rahisi kuona tatizo la Illinois ukiwa umekulia mahali lilipopewa jibu tofauti.

Wapo wanaodhani dawa ni kumchagua mtu mwema, hata asipokuwa na sheria. Hoja hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1976 kutoka mji wa Lynch, Kentucky, mji wa machimbo ya makaa. Hakimu wa mahakama ya polisi ya pale alikuwa mchimba makaa asiyemaliza sekondari, na sheria ya Kentucky iliruhusu hivyo katika miji midogo. Alimtia hatiani mtu kwa kuendesha gari akiwa amelewa na kumpa kifungo cha siku 30, ilhali kwa kosa la kwanza sheria husika ilitaka faini tu. Mahakama Kuu ilikubali utaratibu huo, kwa sababu mshtakiwa alikuwa na nafasi ya kukata rufaa na kusikilizwa upya mbele ya jaji mwanasheria. Kikatiba huenda ilikuwa sahihi. Lakini mtu aliyepewa jela isiyokuwemo kwenye sheria, na asiyejua kwamba anaweza kukata rufaa, atatumikia siku zake 30. Kwa hiyo uanasheria wa mgombea si pambo. New York bado ina mahakama za miji na vijiji zinazoongozwa na watu wasio mawakili, na sijawahi kuelewa kwa nini jimbo lenye mawakili wengi kiasi kile linaendelea hivyo.

Turudi kwenye mzunguko wa Davis. Mzunguko wa Nane ulikuwa na kaunti 14 alipokuwa bado mpya kitini, kabla haujapunguzwa 1853 na tena 1857. Mara mbili kwa mwaka, msimu wa machipuko na msimu wa vuli, jaji na mawakili waliondoka pamoja kuzunguka kaunti moja baada ya nyingine, kwa wiki nyingi, katika nyika ambayo mvua ikinyesha ilikuwa tope tupu. Davis alikuwa na uzito uliozidi ratili 300, akisafiri kwa gari la farasi wawili, na katika nyumba ambako mawakili walibanana wawili wawili au watatu kitanda kimoja, yeye alipewa kitanda chake peke yake, jambo ambalo nadhani lilihusiana na hesabu kuliko heshima. Majengo mawili ya mahakama za mzunguko ule bado yamesimama mahali pake, Mount Pulaski na Metamora. Ni madogo. Katika ukumbi kama ule hakuna umbali kati ya meza ya jaji na benchi la mawakili, na jioni umbali huo mdogo nao uliondoka kabisa, kwa sababu wote walikaa kwenye moto mmoja wakisimuliana hadithi, jaji akiwa msikilizaji mkuu na Lincoln msimulizi.

Wenzake wa safari walisimulia kwamba Davis alimkemea Lincoln kwa kutoza ada ndogo mno, akisema anawafukarisha mawakili wenzake. Na palipotokea Davis ana udhuru, Lincoln ndiye aliyekalia kiti badala yake, kwa ridhaa ya wahusika. Hebu fikiri: wakili aliye na mashauri yake kwenye orodha ya wiki hiyo anageuka jaji wa muda mbele ya mawakili atakaopambana nao kesho. Kwa kanuni za maadili ya majaji za leo, mambo haya yangemfikisha Davis mbele ya tume ya nidhamu kabla ya chakula cha mchana. Jambo la 1860 lingekuwa zito zaidi. Akiwa bado jaji wa kuchaguliwa, alikwenda Chicago, akafungua ofisi hotelini, akaongoza harakati za kumpatia Lincoln uteuzi wa chama cha Republican. Waliomsaidia walikuwa mawakili wa mzunguko wake mwenyewe: Leonard Swett, Ward Lamon aliyekuwa mwendesha mashtaka wa mzunguko, Stephen Logan, na yule yule Jesse Fell aliyemwachia ofisi. Mahakama nzima ya kaunti iligeuka kamati ya kampeni. Tena wananchi wa mzunguko hawakumwadhibu: mwaka 1855 walikuwa wamemrudisha kitini, na 1861 wakamrudisha tena.

Hapo kuna funzo lisilopendeza kuhusu wapiga kura. Hawakumpima Davis kwa umbali wake na rafiki zake. Walimpima kwa mambo waliyoyaona, kwamba mashauri yalisikilizwa kwa wakati, kwamba hakuvumilia mawakili wazembe, na kwamba aliielewa biashara ya ardhi, ambayo ndiyo ilikuwa maisha yao. Na biashara hiyo aliielewa vizuri mno: alikuwa mnunuzi mkubwa wa ardhi na akafa tajiri. Jaji mwenye viwanja katika mzunguko anaosikiliza kesi za viwanja ni jambo ambalo leo lingejazwa kwenye fomu ya mali, na anayetaka angeisoma. Mwaka 1848 hapakuwa na fomu.

Tatizo la leo limebadilisha sura. Mgombea wa sasa haruhusiwi kupiga kampeni za rafiki yake wa siasa akiwa jaji, lakini anahitaji fedha kwa kampeni yake mwenyewe, na katika kaunti yenye watu 20,000 hakuna anayejali kiti cha jaji kiasi cha kutoa fedha isipokuwa wale wenye shughuli mahakamani. Hao ni mawakili. Mkono mtupu haulambwi, na wakili anayechangia dola 250 haji kumnunua jaji. Anakuja kuhakikisha kwamba jina lake halikosekani pale wengine walipo. Mwaka 2009 Lanell Williams-Yulee, wakili aliyegombea ujaji wa kaunti ya Hillsborough huko Florida, aliandika barua kwa wapiga kura akitangaza nia yake na kuomba michango, akaweka viwango kuanzia dola 25 hadi 500. Kanuni ya jimbo lake ilimkataza mgombea ujaji kuomba fedha kwa mdomo au kalamu yake mwenyewe. Kamati yake ya kampeni ndiyo iliyoruhusiwa. Barua haikuleta hata senti, uchaguzi alishindwa, na chama cha mawakili kikamfungulia mashtaka ya nidhamu, akaadhibiwa. Alifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambako mwaka 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, kanuni ile ilithibitishwa, Jaji Mkuu John Roberts akieleza kwamba majaji si wanasiasa hata pale wanapoingia kwa kura.

Nakubaliana na hukumu hiyo, ingawa naona imelinda pazia kuliko chumba. Mgombea haombi, anaomba mwenyekiti wa kamati yake. Mgombea hatakiwi kujali nani alitoa, lakini orodha ya waliotoa ni waraka wa wazi na mke wake anaweza kuusoma mezani. Kanuni inasaidia kwa jambo moja: inamwondolea wakili wa kijijini aibu ya kutazamana uso kwa uso na mtu atakayemhukumu na kumjibu kwamba hana. Aibu hiyo si ndogo. Anayejua uzito wa kukataa harambee mbele ya mgeni rasmi anaielewa bila maelezo.

Fedha zikiwa kubwa, hata uwezo wa kuona aibu unatoweka. Mwaka 2004 Lloyd Karmeier, mtu wa Kaunti ya Washington kusini mwa Illinois, aliyepitia uwakili wa mji mdogo, uendesha mashtaka wa kaunti na ujaji wa mzunguko, aligombea kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo. Pande mbili kwa pamoja zilitumia zaidi ya dola milioni 9, na mwenyewe, baada ya kushinda, alisema hadharani kwamba kiasi hicho kinatia kinyaa kwa uchaguzi wa jaji, akauliza watu wataiaminije mahakama. Mwaka uliofuata mahakama hiyo, yeye akiwemo, ilifuta hukumu ya zaidi ya dola bilioni 1 dhidi ya kampuni ya bima ya State Farm, yenye makao yake Bloomington, mji wa Davis. Wadai walikuja kufungua shauri wakisema kampuni ilifadhili kampeni ile kwa siri. Kampuni ilikana, na mwaka 2018 ikalimaliza kwa kulipa dola milioni 250 bila kukiri kosa. Karmeier hakuwa mdaiwa katika shauri hilo, na sina sababu ya kusema kwamba kura yake ilikuwa na doa. Ninachokiona ni kwamba wasifu wake wa mji mdogo, ambao ulikuwa safi na wa kuheshimika, haukuweza kumkinga na swali. Swali liliingia kwa mlango wa fedha ambao yeye mwenyewe hakuujenga.

Kwa hiyo ningekuwa mpiga kura wa kaunti kama hiyo, na wapo ndugu zetu ambao ni wapiga kura kweli, maana Urbana, mji uliokuwa kituo kimojawapo cha mzunguko wa Davis, leo una Wakongo wengi ambao watoto wao wameanza kuandikishwa kupiga kura, nisingehangaika kumuuliza mgombea amezaliwa wapi. Ningekwenda kwa karani wa mahakama ya kaunti, mtu ambaye huwa anajua yote na huwa haulizwi, nikamuomba anionyeshe majalada ya wazi aliyoyashughulikia mgombea. Ningetafuta shauri ambalo alimwakilisha mtu asiyependwa mjini na kuona kama aliliendesha mpaka mwisho au alitafuta njia ya kulipunguza uzito. Ningetazama kama alitimiza tarehe za mahakama. Ningemuuliza, kwenye mkutano wa hadhara, ni mashauri ya wateja gani wa zamani atakayojitoa, na kwa muda gani, na ningesikiliza kama jibu lina majina ya makundi au ni maneno matamu kuhusu uadilifu. Mgombea aliyefanya kazi ya benki ya mjini kwa miaka 15 anapaswa kuwa na jibu la benki hiyo mfukoni. Akisema atatazama kila shauri litakapokuja, hajajiandaa.

Kenya ilijaribu njia yake baada ya Katiba ya 2010, pale Tume ya Huduma za Mahakama ilipowahoji walioomba kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011 mbele ya kamera, na wananchi wakamwona Willy Mutunga akiulizwa mpaka kuhusu hereni yake. Wengi walilicheka swali hilo, nami nililicheka. Lakini angalau waliohoji walikuwa wamelisoma faili lote na walikuwa na muda wa kuuliza swali la pili. Mpiga kura wa kaunti ya Illinois ana jina, herufi ya chama na kumbukumbu ya mbwa kwenye kipeperushi.

Davis aliondoka kwenye mzunguko 1862, pale Lincoln, aliyekuwa Rais, alipomteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Uteuzi huo ulinuka fadhila, na waliosema hivyo hawakuwa wakizusha. Miaka minne baadaye likamfikia shauri la Lambdin Milligan, naye wakili wa mji mdogo, wa Huntington, Indiana, aliyehukumiwa kunyongwa na tume ya kijeshi mwaka 1864, wakati mahakama za kiraia za Indiana zilikuwa wazi na zinafanya kazi. Tume hiyo ilikuwa chombo cha serikali ya Lincoln. Davis ndiye aliyeandika hukumu ya mahakama, iliyotolewa Desemba 1866, akasema raia hawezi kuhukumiwa na jeshi mahali ambapo mahakama za kawaida ziko wazi, na kwamba katiba ni sheria ya watawala na watawaliwa sawasawa, vitani na katika amani. Wabunge na magazeti ya chama cha rafiki yake aliyekwisha kuuawa walimshambulia kwa miezi.

Wanaompenda Davis huitaja hukumu hiyo kama ushahidi kwamba wapiga kura wa Bloomington waliona mbali. Mimi nakwama kwenye jambo moja. Alipoiandika, alikuwa na kiti cha maisha. Hakuna kaunti iliyokuwa ikimsubiri. Jaji wa mzunguko wa Illinois anayemwachia huru leo mtu anayechukiwa na mji mzima ana miaka 6 tu tangu alipochaguliwa, kisha jina lake linaletwa peke yake kwenye karatasi, na nje ya kituo cha kura wanapanga foleni wale wale waliokuwa wamekaa mahakamani siku aliposoma hukumu.